Kiingilio na Haki: Mashabiki wa Muziki wa Kihonda na Kupanda kwa Bei ya Tiketi

Mjadala wa kitaaluma kuhusu kupanda kwa bei ya tiketi za maonyesho ya muziki umejengwa zaidi juu ya mifano ya roki ya Marekani na Ulaya, ambako takwimu za mauzo hutunzwa kwa miaka mingi. Mchumi Alan Krueger wa Chuo Kikuu cha Princeton, katika utafiti alioutoa mwaka 2005, alionyesha kwamba kati ya 1996 na 2003 wastani wa bei ya tiketi ya onyesho la muziki nchini Marekani ulipanda kwa asilimia 82, ilhali mfumuko wa jumla wa bei katika kipindi hicho ulikuwa asilimia 17. Shabiki anayelalamika mbele ya tarakimu kama hizo huchukuliwa kwa urahisi kuwa mtu anayetaka kitu cha thamani kwa bei ya kutupa. Makala haya yanaipinga tafsiri hiyo kwa kuutazama mji wa Morogoro, na hasa kata ya Kihonda iliyo kando ya barabara ya Dodoma, mahali ambapo roki haina mizizi mirefu lakini muziki wa dansi, na baadaye Bongo Fleva, umelea mashabiki kwa vizazi kadhaa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba shabiki hapimi kiingilio kwa ukubwa wake peke yake, bali hukipima pia kwa kuangalia kama kimebaki kilekile kilichotangazwa na kama inaonekana kinakokwenda.

Krueger aliyaita maelezo yake nadharia ya Bowie, kwa kumkumbuka mwimbaji David Bowie ambaye mwaka 2002 alitabiri kwamba muziki uliorekodiwa utapatikana kama maji ya bomba na kwamba wanamuziki watabaki kutegemea maonyesho ya jukwaani. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, zamani bendi za roki ziliweka bei ya chini mlangoni kwa sababu onyesho lilisaidia kuuza santuri, na santuri zilipoacha kuuzika kutokana na kunakiliwa bila malipo, sababu ya kuwahurumia mashabiki mlangoni ikaondoka. Maelezo haya yana nguvu huko yalikozaliwa, lakini hayatoshi kueleza hali ya Tanzania. Bendi za dansi zilizorekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam hazikutajirika kwa kurekodi, na kanda za kaseti zilinakiliwa na kuuzwa mitaani kwa miaka mingi kabla ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 kutungwa. Kwa maneno mengine, mwanamuziki wa Morogoro amekula kwa jasho la mlangoni tangu mwanzo, na shabiki wake amelijua hilo tangu mwanzo.

Morogoro ina sababu ya pekee ya kuchunguzwa katika suala hili. Morogoro Jazz Band ilianzishwa mwaka 1944, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah ikashindana nayo kuanzia miaka ya 1950, kiasi kwamba mji mdogo chini ya milima ya Uluguru ulikuwa na bendi mbili zilizosikika Afrika Mashariki nzima. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965 na Juma Kilaza akaiendeleza bendi. Mbaraka Mwinshehe aliipeleka sauti ya gitaa la Morogoro hadi kwenye maonyesho ya kimataifa ya Osaka, Japani, mwaka 1970, akaiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, na akafariki kwa ajali ya gari Mombasa mnamo Januari 1979. Bendi hizi hazikuwa kama NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, au DDC Mlimani Park ya mwaka 1978, iliyomilikiwa na shirika la umma na kuwalipa wanamuziki wake mshahara. Za Morogoro ziliishi kwa watu waliokuja kucheza, na wengi wa watu hao walikuwa na siku ya mshahara: vibarua na manamba wa mashamba ya mkonge yaliyouzunguka mji, wafanyakazi wa reli, makarani na walimu. Viwanda vya viatu, turubai, magunia na ngozi vilipojengwa Morogoro kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, idadi ya watu waliopokea bahasha mwisho wa mwezi iliongezeka zaidi.

Viwanda vingi kati ya hivyo vilisimama au kubinafsishwa, na pamoja navyo ikaondoka ile kalenda ya mshahara ambayo ukumbi wa dansi uliitegemea. Suala hili halizingatiwi inavyostahili na wanaojadili bei ya tiketi. Mkazi wa Kihonda anayeendesha bodaboda, anayeuza chakula karibu na stendi ya Msamvu, au anayefanya kibarua cha ujenzi katika viwanja vipya, hupata fedha kwa siku na huzitumia kwa siku, na fedha anayotakiwa kuitoa kwa mkupuo mmoja humuumiza kuliko kiasi hichohicho kinapotolewa kidogokidogo. Kwa hiyo hata kama kiingilio cha leo kingekuwa na thamani sawa kabisa na cha mwaka 1975, mzigo wake usingekuwa sawa, kwa sababu mkono unaokibeba umebadilika.

Mfano wa hesabu unaweza kusaidia. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa serikali kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai 2025, na kiasi hicho kikigawanywa kwa siku 26 za kazi kinatoa takribani shilingi 19,000 kwa siku. Tiketi ya shilingi 20,000 ni zaidi ya siku nzima ya kazi kwa mtumishi wa ngazi hiyo, naye ni mtu mwenye mshahara wa uhakika. Juu ya tiketi kuna safari. Tamasha kubwa likifanyika katika Uwanja wa Jamhuri, anayetoka Kihonda huenda kwa daladala jioni bila taabu, lakini muziki unapokwisha usiku wa manane daladala zimelala, na mwenye bodaboda hupanga bei yake akijua kwamba abiria hana pa kukimbilia. Wanawake hulibeba jambo hili kwa uzito zaidi, kwa kuwa usafiri wa uhakika wa kurudi nyumbani kwao ni suala la usalama kabla ya kuwa suala la fedha. Treni ya SGR iliyoanza safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mnamo Juni 2024, ambayo stesheni yake ya Morogoro ipo Kihonda, imeongeza kipimo kingine: kwa nauli ya shilingi 13,000 ya daraja la kawaida iliyotangazwa wakati huo, shabiki anaweza kulinganisha onyesho la nyumbani na la Dar es Salaam, na promota wa Morogoro anayeweka bei ya jiji bila kuleta sauti na wanamuziki wa kiwango cha jiji hawezi tena kutegemea kwamba watu hawajui tofauti.

Pamoja na hayo yote, itakuwa kosa kudhani kwamba mashabiki hao ni wagumu wa kutoa. Ushahidi wa kinyume upo katika desturi ya kutunza, yaani kumpa msanii fedha mkononi wakati akiendelea kuimba au kupiga, desturi ambayo mwanaanthropolojia Kelly Askew aliichunguza kwa kina katika taarabu ya Tanga na ambayo imeenea pia katika dansi. Anayetunza hunyanyuka kitini, hupita katikati ya ukumbi huku akicheza taratibu, hubandika noti kwenye paji la uso la mwimbaji au humtia mkononi, na wakati mwingine huikunja noti vizuri na kuiingiza kati ya nyuzi za gitaa pale juu kwenye vifungo, ili mpigaji asilazimike kuacha wimbo. Ukumbi mzima huona nani ametoa, ametoa nini, na nani amepokea. Katika usiku mmoja mtu anaweza kutunza fedha nyingi kuliko kiingilio alichokilalamikia mlangoni, na hakuna mkanganyiko wowote katika tabia hiyo. Fedha ya kutunza ina njia inayoonekana kutoka mkono hadi mkono. Fedha ya mlangoni huingia katika sanduku, au katika namba ya malipo ya simu ambayo nayo ina makato yake, na shabiki hajui ni sehemu gani humfikia mpiga gitaa, ni sehemu gani hubaki kwa mwenye ukumbi, na ni sehemu gani ni ya promota aliyekwisha kulipwa na mdhamini.

Hapa ndipo dhana ya uchumi wa maadili inapofaa. Mwanahistoria E. P. Thompson aliitumia mwaka 1971 kueleza ghasia za bei ya mkate katika Uingereza ya karne ya 18, akionyesha kwamba watu waliozivamia ghala hawakuongozwa na njaa tupu bali na imani iliyoshirikiwa na jamii kuhusu bei ipi ni halali na muuzaji ana wajibu gani. Wachumi Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler waliipima imani ya aina hiyo mwaka 1986 kwa kuwauliza watu kuhusu duka linalopandisha bei ya koleo la kuondolea theluji kutoka dola 15 hadi 20 asubuhi baada ya theluji nzito kuanguka, na asilimia 82 ya waliohojiwa wakasema kitendo hicho si cha haki. Watu hao hawakuwa na ugomvi na dola 20 kama bei. Walichokikataa ni muuzaji kuishikilia shida ya mnunuzi na kuigeuza kuwa faida. Kiswahili kina neno la zamani la tabia hiyo, nalo ni ulanguzi, na Watanzania waliopitia uhaba wa bidhaa wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanalielewa bila kufafanuliwa. Malalamiko makali zaidi kuhusu viingilio, Morogoro kama katika miji mingine, huangukia mahali hapohapo: bei iliyotangazwa redioni wiki nzima inapobadilika mlangoni saa tatu usiku, wakati mtu amekwisha lipa nauli, amekuja na mwenzake, na kurudi nyumbani ni aibu. Kiasi kilichoongezwa kinaweza kuwa kidogo. Kinachouma ni kushikwa.

Tofauti ya madaraja ya tiketi inapaswa kutazamwa kwa jicho hilohilo. Kawaida, VIP na VVIP si mgawanyo mbaya kwa asili yake, kwa kuwa mwenye uwezo akilipa zaidi anaweza kumpunguzia mzigo asiye nacho, na dansi imewazoea mapedeshee, yaani matajiri wapenda muziki ambao majina yao hutajwa ndani ya nyimbo. Ubaya huanza pale daraja la juu linapouzwa kwa kulishusha la chini: uzio wa chuma unaposogezwa nyuma ili viti vya plastiki vya VIP vijae mbele ya jukwaa, aliyelipa kawaida hujikuta akitazama migongo ya watu kwa bei ileile ambayo zamani ilimfikisha miguuni pa mwimbaji. Uingereza ilikutana na sura nyingine ya tatizo hili mwaka 2024, tiketi za kurejea kwa bendi ya Oasis zilipouzwa, na mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo ikaanza uchunguzi ambao baadaye ulieleza wasiwasi kwamba tiketi zilizopewa jina la platinamu ziliuzwa kwa karibu mara mbili na nusu ya bei ya kawaida bila kumpa mnunuzi kitu cha ziada kwa uwazi. Shabiki wa Kihonda na wa Manchester wametenganishwa na mengi, lakini wanadai kitu kimoja, nacho ni kwamba jina la tiketi liwe na kitu ndani yake.

Waandaaji wana majibu, na si ya kupuuzwa. Jenereta na mafuta yake, vyombo vya sauti, taa, ulinzi, vibali, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, usafiri na malazi ya wasanii ni gharama za kweli, na William Baumol na William Bowen walikwisha kueleza mwaka 1966 kwa nini sanaa za jukwaani huzidi kuwa ghali: wanamuziki wanne wanahitaji muda uleule kupiga kipande kilekile kama walivyohitaji miaka 100 iliyopita, ilhali mishahara katika sekta nyingine imepanda kutokana na mashine. Tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar, linalofanyika tangu 2004, lilishindwa kufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha, ingawa lilikuwa na jina kubwa duniani. Tamasha hilohilo, hata hivyo, limeonyesha namna ya kuitetea bei mbele ya watu, kwa kuwa Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni wa kutoka mbali, na sababu ya tofauti hiyo inatangazwa na kueleweka. Morogoro haina watalii wa kiasi cha Mji Mkongwe wa kubeba tofauti hiyo, lakini ina wadhamini. Tamasha la muziki la Fiesta limewahi kubeba jina la kampuni ya bia na baadaye la kampuni ya simu, na mdhamini anayelipia nafasi ya kuonekana mbele ya umati ana sababu ya kibiashara ya kutaka umati huo uwe mkubwa. Udhamini usioshusha kiingilio hata kidogo unampa shabiki haki ya kuuliza umekwenda wapi.

Kinachofuata kutokana na hoja hii si serikali kupanga bei ya muziki, jambo ambalo lingeua kumbi ndogo za Kihonda kabla ya kuyagusa matamasha makubwa. Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, tayari hutoa vibali vya maonyesho, na halmashauri ya manispaa ina mamlaka juu ya maeneo yake. Linalowezekana kesho ni kibali kuandikwa kiingilio cha kila daraja na mpaka wa eneo lake, karatasi hiyo ibandikwe mlangoni, na bei isipande baada ya kutangazwa. Linalohitaji ujasiri zaidi ni promota kutaja hadharani sehemu ya mapato ya mlangoni inayokwenda kwa wasanii. Atakayekuwa wa kwanza kufanya hivyo Morogoro atastahili kulipwa kiingilio anachokitaka, na mashabiki wa mji huu wana desturi ndefu ya kutoa kwa moyo wanapoona mkono unaopokea.