Ziwa moja, nchi mbili: nani alimlipa mwalimu?



Katika mikutano yetu kuna swali halikosekani: maisha yalikuwa mazuri wapi, kule Tanzania ao huku Kongo? Wengine wanasema kule, juu mtoto alisoma na mama alizaa bila kutoa hata franga moja. Wengine wanasema huku, juu ni kwetu na udongo wa kulima uko. Wote wanasema kweli. Lakini ili tujue chama chetu kiko na kazi gani, tuangalie kwanza njia ambayo nchi hizi mbili zilipita.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961. Wakati ule sisi ndio tulionekana matajiri. Tulikuwa na shaba ya Katanga, viwanda na reli. Wenzetu wa ng'ambo walitegemea zaidi mkonge, kahawa na pamba.

Mwaka 1967 Nyerere alitoa Azimio la Arusha. Serikali ilichukua mabenki na makampuni makubwa, halafu ikakusanya watu katika vijiji, mara nyingi kwa nguvu. Huku, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza maduka na mashamba ya wageni yapewe Wazairwa. Mingi iliingia mikononi mwa wakubwa na marafiki wao, na haikuchukua muda maduka yakabaki tupu. Mwaka uliofuata bei ya shaba ikaanguka.

Tusidanganyane: Tanzania nayo iliumia. Ilipigana vita na Idi Amin mwaka 1978 na 1979, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu walipanga mstari kutafuta sukari na sabuni. Hata karo ya shule ilirudi. Lakini katika vijiji vile walibaki mwalimu na mganga wa zahanati waliohesabiwa kuwa watu wa serikali, hata kama mshahara ulikuwa mdogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 karo ya shule ya msingi ikafutwa tena.

Huku kwetu Leta iliacha mkono. Kisha uporaji wa 1991 na wa 1993 ulimaliza kazi, na pesa ikafa. Toka 1992 wazazi ndio walianza kumlipa mwalimu, kwa ile pesa tuliyozoea kuita "prime", ili shule zisifungwe. Makanisa yalibeba shule na hospitali. Wengine wote: artikle 15, kila mtu ajitafutie. Katiba ya 2006 iliandika kwamba shule ya msingi ni bure, lakini kazi yenyewe ilianza Septemba 2019. Hiyo ni miaka 27. Mtoto aliyeingia mwaka wa kwanza mwaka 1992 alikuwa amekwisha kuwa mzazi, na yeye pia amelipa prime.

Sasa tuseme juu ya kambi. Vita ya 1996 na ile ya 1998 zilitupitisha ziwa mpaka Kigoma. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, Lugufu mwaka 1997. Shule na matibabu tuliyopata mule hayakuwa maisha ya Mtanzania wa kawaida. HCR na PAM ndio walibeba mzigo, na wanakijiji wa jirani walikuwa wanakuja kutibiwa kambini kwetu. Na sisi hatukuruhusiwa kupita kilometa 4 bila kibali, wala kulima shamba la maana. Posho ikikatwa, hukuwa na muhogo wako wa kung'oa. Kwa hiyo anayesema "kule" anakumbuka dawa na daftari, na anayesema "huku" anakumbuka kufungiwa.

Toka Oktoba 2005 meli zilianza kuturudisha Baraka. Tulipata uhuru wa kutembea. Lakini wengine walikuta shamba linalimwa na mtu mwingine, na ule msaada wa kambini, shule na dawa, haukuvuka ziwa pamoja na sisi. Katika pengo hilo ndipo kasha letu la kusaidiana linafanya kazi: mama anayepelekwa sentre ya afya usiku, mtoto asiye na uniforme, jamaa wa marehemu.

Marafiki wanaotusaidia wanatuuliza mara nyingi kama tunaishi vizuri kuliko kambini. Tunawaomba waulize hivi: mtoto akiugua usiku, nani analipa? Kule walilipa wageni, na tukalipa sisi kwa kukaa ndani ya zile kilometa 4. Huku analipa jirani, kama jirani ana kitu.

Na sisi wanachama tuwe macho. Miaka ile 27 wazazi walivumilia mpaka Leta ikazoea. Mchango wetu usigeuke prime nyingine. Tuendelee kutoa, juu mgonjwa hawezi kungojea serikali. Lakini pesa ikiombwa shuleni kwa jambo ambalo sheria inasema ni bure, tuombe risiti, tuilete kwenye kamati, twende pamoja kuuliza. Mtu mmoja akienda peke yake, mtoto wake ndiye anafukuzwa. Tukienda wengi, watatusikiliza.