Shirika Mama na Bintiye

Itakumbukwa kwamba Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka 1977, jirani zetu wa Kenya waliunda lao, Kenya Airways. Mwaka 2014 shirika hilo likazaa binti wa nauli nafuu, Jambojet, aliyeanza kuruka kutoka Nairobi kwenda Mombasa, Kisumu na Eldoret. Chakula na mizigo mikubwa hulipiwa mbali. Askari wa likizo mwenye mkoba mmoja hana taabu. Mwaka wa fedha 2015/16 mama alipata hasara ya shilingi za Kenya zaidi ya bilioni 26. Binti, kwa busara, aliziacha Boeing 737 akachukua Dash 8 ndogo. Mwaka 2018 alifika Entebbe, na mwaka 2024 Zanzibar.