Gzip, LZO, Zstandard: kila nakala na zama zake

Swali hili huulizwa kila mara, basi tulimalize. Kazi yako ya kuhifadhi nakala za mashine pepe kwenye Proxmox imekuwa ikibana kwa gzip tangu seva iwekwe. Jana umebadilisha iwe Zstandard. Je, nakala za zamani zinakuwaje? Zinabaki vilevile. Fungua folda uone: za zamani zinaishia .vma.gz, ya jana usiku .vma.zst. Diski haitapumua hadi zile za zamani zifike zamu yao ya kufutwa.

Hivyo viambishi vya majina ni historia tupu. Gzip, kwa mfano, ilizaliwa kwa sababu ya mawakili. Watu wa Unix walikuwa wakitumia compress, iliyojengwa juu ya mbinu ya LZW ambayo Terry Welch aliichapisha mwaka 1984. LZW ilikuwa na hataza, iliyoangukia mikononi mwa Unisys. Mradi wa GNU, wenye kutaka programu huru, ulihitaji njia nyingine. Mwaka 1992 Jean-loup Gailly na Mark Adler wakatoa gzip, wakitegemea kazi ya Lempel na Ziv ya 1977 pamoja na misimbo ya Huffman ya 1952. Tena ikabana vizuri kuliko compress!

Shida ya gzip ni mwendo. Hutumia kiini kimoja tu cha prosesa. Viini vingine 15 vinatazama. LZO ya Markus Oberhumer (1996) ilichagua kasi, ukubwa wa faili ukawa ndio gharama. Kisha Yann Collet akaunda Zstandard, na Facebook ikatoa toleo 1.0 mwaka 2016: inabana sawa na gzip au kuipita, kwa muda mfupi zaidi. Proxmox VE iliipokea katika toleo 6.2, Mei 2020.

Usihangaike kubana upya za zamani. Kila nakala ya vzdump ni kamili, haitegemei nyingine, na baiti zake za kwanza zinataja mbinu: 1f 8b ni gzip, 28 b5 2f fd ni Zstandard.

Hatari iko kwingine, kwenye ile seva ya akiba huko tawini ambayo hakuna aliyeigusa miaka mingi. Kama toleo lake ni la kabla ya 6.2, haitairejesha .vma.zst, na utagundua siku seva kuu imekufa na bosi amesimama nyuma yako. Jaribu kurejesha moja huko kabla .vma.gz ya mwisho haijafutwa.