Jinsi ya kupima iwapo diski inatii amri za tarakilishi

TARAKILISHI haizungumzi na diski moja kwa moja. Mfumo wa uendeshaji, uwe Windows au Linux, hutoa amri zake kupitia draiva, yaani programu ndogo inayofanya kazi ya mkalimani. Zamani amri muhimu zilikuwa chache: soma, andika, na thibitisha kwamba kilichoandikwa kimehifadhiwa.

Diski za SSD zilileta amri nyingine iitwayo TRIM, iliyoanza kutumiwa na Windows 7 mwaka 2009 na Linux 2.6.33 mwaka 2010. Amri hii huiarifu diski kwamba sehemu zilizobeba faili iliyofutwa hazihitajiki tena, ili izisafishe kwa wakati wake. Ikielekezwa pasipofaa, data iliyo hai huangamia bila onyo. Faili itaonekana ipo na ukubwa wake ni ule ule, kumbe ndani mna sufuri tupu.

Diski inapounganishwa, draiva huitaka ijitambulishe. Nayo hutaja jina lake, ukubwa, toleo la programu yake ya ndani na amri inazoziweza. Jibu hilo ni dai wala si ushahidi. Kiwango cha SATA 3.1 cha mwaka 2011 kiliruhusu TRIM ipangwe foleni pamoja na amri nyingine, na baadhi ya diski zilidai kuuweza mtindo huo ilhali ziliboronga. Ndiposa Linux ikawekewa orodha ya diski zisizopaswa kutumiwa TRIM ya foleni, zikiwemo Crucial M500 na Samsung za aina ya 840 na 850.

Hata hivyo, si kila hitilafu ni kosa la diski. Mnamo Juni 2015, kampuni ya Algolia ilieleza hadharani jinsi faili katika seva zake zilivyokuwa zikigeuka sufuri, na lawama zikaziangukia diski za Samsung. Wahandisi wa Samsung walilichunguza tatizo hilo, na kufikia Julai ikabainika kuwa kosa lilikuwa katika kiini cha Linux, mahali ambapo amri moja ya TRIM iligawanywa kwa diski kadhaa zilizounganishwa kwa mpangilio wa RAID. Diski zilikuwa zimetii barabara amri iliyopotoshwa njiani.

Kwa hivyo, anayetaka kupima na aipime safari nzima ya amri. Kwanza, tumia diski isiyo na kitu cha thamani. Andika humo faili nyingi ambazo yaliyomo yanajulikana, na uhifadhi alama ya uhakiki ya kila faili kwenye diski tofauti. Kisha futa nusu ya faili hizo na utume TRIM. Katika Linux, amri ya fstrim hufanya kazi hiyo. Zima tarakilishi na kuiwasha upya, ili usomaji utoke kwenye diski yenyewe wala si kwenye kumbukumbu ya muda. Hatimaye soma faili zilizosalia na ulinganishe alama zake. Rudia mara nyingi, kwani hitilafu za aina hii hujificha.

Alama zikitofautiana, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati: diski, toleo la mfumo, au mpangilio wa RAID. Kukibadilishwa kimoja na kosa likatoweka, hapo ndipo pa kuchunguzwa zaidi.

Mtumiaji wa Windows anaweza kuandika fsutil behavior query DisableDeleteNotify. Jibu la 0 lamaanisha kuwa mfumo umeruhusiwa kutuma TRIM. Katika Linux, lsblk --discard huonyesha iwapo diski imetangaza kuikubali. Majibu yote mawili hayathibitishi kwamba amri hutekelezwa sawasawa. Ni kule kuandika, kufuta na kusoma tena kunakoonyesha hilo. Na hata diski iliyofaulu jaribio haikuondolei wajibu wa kuweka nakala ya data yako mahali pengine.