Maji Yale Yale, Mikono Miwili

Katika kitabu chake cha mwaka 1690, John Locke alieleza jinsi maji yale yale yawezavyo kuwa baridi kwa mkono mmoja na moto kwa mkono wa pili. Joto tulionalo, alisema, limo katika hisi. Kilichomo majini ni chembe zenye umbo, ukubwa na mwendo. Mwaka 1713 George Berkeley aliugeuza mfano huo huo: ikiwa joto limo akilini, mbona umbo lisiwemo, nalo hubadilika machoni? Hoja hiyo, kwa maoni yetu, haijajibiwa ipasavyo. Nacho Kiswahili huona mti na huona baridi (wengine husikia) kwa kitenzi kimoja. Mfasiri wa Locke hana budi kuutafutia maneno mpaka huo.