Keroro ya harusi: Piga hesabu hivi, usichome picha na usisote

Mtungi ukiisha kabla DJ hajashika moto, hiyo ndiyo stori watu watabeba kutoka harusi yako. Ukinunua kama wa kufungua baa nao, mtaanza ndoa na deni ya wines. Hesabu ya kukuokoa ni rahisi, na unaweza kuifanya kwa simu.

1. Hesabu wanywaji, sio wageni

Kadi zikiwa 200, usinunulie watu 200. Toa watoto, toa wale hawagusi pombe kwa sababu ya dini, toa wenye wataishia baada ya kula. Harusi nyingi za kanisa, lanchi huwa kavu. Keroro hutoka jioni, pasta na wazee wakishaenda. Tuseme wamebaki wanywaji 80.

2. Hesabu masaa

Kanuni ya watu wa baa ni hii: kila mtu vinywaji viwili saa ya kwanza, halafu kimoja kila saa inayofuata. Pati ya masaa manne ni vinywaji vitano kwa kichwa. 80 mara 5 ni 400.

3. Gawanya kulingana na mabeshte wako

Kama wengi ni watu wa bia, weka bia asilimia 60, waini 20, kali 20:

- Bia 240: kreti moja ina chupa 25 za mililita 500, kwa hivyo kreti 10.
- Waini glasi 80: chupa ya mililita 750 hutoa glasi 5, kwa hivyo chupa 16.
- Kali 80: mzinga wa mililita 750 una toti 25 za mililita 30. Lakini watu wakijimiminia, toti huwa dabo. Weka glasi 12 kwa mzinga, ununue mizinga 7.

Kama crew yako haipendi waini, hamisha hiyo 20 kwa bia. Usisahau barafu, maji na soda. Soda ni ya kuchanganya na pia ya wale 120 hawanywi, na hao pia ni wageni wako.

4. Elewana na muuzaji mapema

Uliza kama kreti na chupa ambazo hazijafunguliwa zinarudishwa, na iandikwe kwa risiti. Chupa tupu za bia na kreti zake pia zinarudi, so mtu azihesabu usiku huo huo. Uliza wenye ukumbi wanatoza ngapi ukiingia na pombe yako. Hiyo pesa inaweza kumeza yote uliyookoa.

5. Bei ikiwa chini sana, shtuka

Angalia stempu ya KRA kwa kila mzinga, na uiskani na app ya Soma Label. Mwaka wa 2014, pombe yenye methanol iliua makumi ya watu Kenya, na wengine wakapoteza macho. Huwezi kualika watu wako kwa hiyo hatari juu ya kuokoa soo mbili.

6. Ufunguo akae nao mtu mmoja

Chagua kazo mmoja hanywi, ashike stoo. Atoe nusu kwanza, zingine baadaye, la sivyo kuna anko atapanga chupa chini ya meza kama ghala. Mwenye hajafika miaka 18 hapewi, hata akiwa ndugu ya bibi harusi. Funga baa saa moja kabla ya pati kuisha, na ukodishe mat ya kurudisha watu. Alcoblow barabarani haijui ulikuwa best man.

Bajeti ikikataa, punguza masaa ya baa kabla ya kukopa. Saa moja chini ni vinywaji 80 umeokoa, na Jumatatu landlord bado atapata rent yake.