Balehe na Rushdi: Juu ya Kijana Kuijua Nafsi Yake

Hapana umri ambao mwanadamu huuliza habari za nafsi yake kwa pupa na uchungu kama ule wa ujana uchipukao, wakati mwili umekwisha kubadilika bila ya kumtaka mwenyewe ruhusa, sauti imevunjika au kifua kimejaa, na watu waliokuwa wakimwita mtoto jana wameanza kumtazama leo kwa jicho jingine. Jawabu analopewa siku hizi na washauri wengi, vitabuni na katika masomo ya stadi za maisha, ni kwamba ajitenge, ajitazame ndani, ajiulize anapenda nini na anataka kuwa nani, kwa kuwa nafsi yake imo humo imejificha, ikingoja kuvumbuliwa. Makala hii inashikilia rai nyingine: kwamba kijana huijua nafsi yake anapokabidhiwa jambo lenye uzito na kujiona atendavyo, na kwamba elimu hii si ngeni kwetu, maana imeandikwa katika vitabu vya fikihi vilivyosomeshwa misikitini na madarasani mwa pwani yetu, ijapokuwa aghalabu tumevifungua kwa ajili ya mirathi na ndoa, tukaupita ukurasa wenye faida hii bila ya kusimama.

Madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, hutenga mambo mawili ambayo mazungumzo ya leo huyachanganya. La kwanza ni balehe, nayo ni hali ya mwili: hutambulikana kwa alama zake, na zikikosekana alama, basi kwa kutimia miaka 15 ya mwezi mwandamo. Aliyekwisha kubalehe huwa mukalafu. Sala na saumu zimemlazimu, na hesabu ya matendo yake i juu yake. La pili ni rushdi, yaani kukomaa kwa busara katika dini na katika mali, na hili halina umri maalumu wala alama mwilini. Qurani, katika Sura ya Wanawake aya ya 6, inawaamrisha mawalii wawajaribu mayatima hata wafikie umri wa kuoa, kisha wakiiona rushdi kwao ndipo wawakabidhi mali yao. Yamkini basi mtu akawa amebalehe miaka kadha wa kadha na rushdi bado haijamjia, wala hapana aibu katika hilo, maadamu hapana aliyemlimbikizia mizigo ya mtu aliyekomaa.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika Minhaji, kitabu mashuhuri cha madhehebu haya, namna ya jaribio lenyewe, na maelezo yake yanastahili kusomwa taratibu. Mtoto wa mfanyabiashara hujaribiwa kwa kuuza na kununua na kupatana bei. Mtoto wa mkulima kwa kilimo na kwa matumizi ya watu wanaolifanyia kazi shamba. Msichana kwa mambo ya uzi na pamba, na kwa kukihifadhi chakula kisiliwe na paka. Jaribio la mara moja halitoshi. Sharti likaririwe mara mbili au zaidi, kwa kuwa mtu aweza kupatia siku moja kwa bahati tu. Wakati wake, kwa kauli yenye nguvu, ni kabla ya balehe. Na kwa kuwa mkataba wa mtoto haujuzu, huachiwa yeye kupatana na mnunuzi, na ikifika hatua ya kufunga biashara, anayefunga ni walii.

Na tuyatazame hayo kwa karibu. Ni dukani mwa nguo. Baba amekaa nyuma juu ya robota, kijana wake wa miaka 13 amesimama mezani, na mbele yake mama mtu mzima ameikunjua doti ya kanga, anaukagua upindo kwa vidole akitafuta kasoro, kisha anataja nusu ya bei. Kijana anaijua bei waliyonunulia. Anajua pia kwamba mama huyu ni jirani, na kwamba juzi alipeleka uji nyumbani kwao walipouguliwa. Akiteremka upesi, ameiona haya yake. Akikaza mpaka mama akaikunja kanga na kuondoka, ameuona ukaidi wake. Na akisema uwongo juu ya bei ya kununulia, amejua kuwa ulimi wake huwa mwepesi mbele ya faida, nayo ni habari nzito kwa mtu aliyedhani yeye ni mkweli. Hayo hakuwa akiyajua alfajiri alipoamka, wala asingeyajua kwa kujifungia chumbani akijisaili. Baba, kwa muda wote huo, hasemi neno, kwa maana lau angedakiza, kijana angejifunza tabia ya babaye, na tabia yake mwenyewe ingebaki imefunikwa. Wala hasara haiwezi kupita kiasi, maana kufunga biashara ni kwa walii, na kosa la mtoto limekwisha kuwekewa mpaka kabla halijatendeka.

Elimu ya nafsi ya Magharibi imelikaribia jambo hili kwa njia nyingine. Erik Erikson alizaliwa Frankfurt mwaka 1902 kwa mama wa Kidenmark, asimjue kamwe baba aliyemzaa. Alikua kwa jina la baba wa kambo, Homburger, akatangatanga Ulaya ujanani mwake akichora picha, akapata kazi ya ualimu mjini Vienna, na jina ambalo ulimwengu unamjua kwalo alijichagulia mwenyewe alipopata uraia wa Marekani mwaka 1939. Mtu wa sira kama hiyo ndiye aliyeandika, katika vitabu vyake vya mwaka 1950 na 1968, kuwa kazi kubwa ya ujana ni kupata utambulisho, na kwamba jamii humpa kijana muhula, kipindi ambacho huruhusiwa kujaribu kazi, itikadi na masahibu bila ya kufungika nayo moja kwa moja. James Marcia, mwaka 1966, akawagawa vijana mafungu manne kwa kupima mambo mawili: kama kijana amepitia kutafuta, na kama ameshikamana na jambo. Wale walioshikamana bila ya kutafuta, wakaipokea kazi ya baba na rai ya mama kama walivyolipokea jina, aliwaweka katika fungu la waliofungiwa mlango mapema. Na msomaji wa kwetu ataona mara moja kwamba mtoto wa mwenye duka, akifundishwa duka, aweza kutiwa fungu hilo.

Pingamizi hili lina nguvu, na halijibiwi kwa kusema kuwa Marcia si mtu wa huku. Nionavyo mimi, mizani yake huonyesha vema kama kijana amechagua njia, na huonyesha kidogo tu kama amejitambua tabia. Yuko aliyelirithi duka, na humo dukani akagundua subira yake na mipaka ya subira hiyo. Na yuko aliyebadili masomo chuoni mara kadha, asigundue lolote juu yake, kwa sababu katika mabadiliko yote hayo hapakuwa na mtu mwingine aliyeumia au kunufaika kwa uamuzi wake. Illa jaribio lazima liwe na mlango wa kutokea. Walii anayegundua kuwa mwanawe hana moyo wa biashara na ana mkono wa seremala ameyapata matunda ya jaribio, na akimzuilia dukani baada ya hapo, amekwisha kutoka katika kujaribu na kuingia katika kudhulumu.

David Elkind naye, mwaka 1967, alieleza kuwa kijana hujihisi yuko daima mbele ya hadhira aliyoibuni mwenyewe, hata chunusi moja shavuni akaidhani ni habari ya mji mzima. Maelezo hayo ni ya kweli kwa Marekani alikoyaandikia. Katika vichochoro vya Lamu au vya Mji Mkongwe wa Unguja, kijana apitapo mbele ya baraza, macho hayo si ya kubuni: wazee waliokaa pale wanamjua yeye na walimjua babu yake, na salamu aliyoitoa kinywani nusu itamfikia mamaye kabla yeye hajafika nyumbani. Kijana wetu alikuwa na kazi nyingine, ngumu zaidi, ya kuishi mbele ya hadhira iliyopo kweli na kupambanua ndani yake baina ya murua na hofu ya kusemwa, mambo ambayo kwa nje hufanana kabisa. Simu sasa imemwongezea baraza jingine, lisilolala wala kuwa na wazee, na ambalo hukumu yake haitoki kwa watu wanaomjua.

Aliyewekewa kijana wa kike awe kimbilio lake mbali na macho hayo alikuwa somo, yaani mwanamke aliyemfunda mwari. Katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1903, ambacho sehemu kubwa yake ni maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, jando na unyago zimepewa nafasi zake kamili, na ni wazi kuwa mafunzo hayo hayakuachiwa wazazi. Somo aliulizwa yale ambayo mwari angeona haya kumuuliza mama, na uhusiano wao haukukoma harusi ilipokwisha. Faida hiyo ni kubwa, nami ninasikitika kuona tumeipoteza pahali pengi bila ya kuweka badala yake. Hata hivyo, insafu yanitaka niseme kuwa unyago ulimfundisha mwari yale ambayo mume na mawifi watayataka kwake, ukamuuliza mara chache yale ayatakayo yeye. Hata Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia binti yake Mwana Hashima utendi mwaka 1858 naye akiwa mgonjwa, alimpa mapenzi na maarifa ya mama, wala binti hasikiki humo akijibu.

Kuchanganya balehe na rushdi kumewadhuru wasichana zaidi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilimtaka mvulana afikie miaka 18, ikamruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilivitamka vifungu hivyo kuwa vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo. Wapo waliovitetea kwa jina la dini na mila. Lakini fikihi hiyohiyo inamzuia walii kumkabidhi yatima wa kike hata fedha zake mwenyewe mpaka rushdi yake idhihirike kwa jaribio lililokaririwa. Vipi basi tumkabidhi yeye mzima, mwili na maisha, kwa ushahidi wa mwili peke yake?

Shule imeshika nafasi ya duka, shamba na jando, na haifai kulaumiwa kwa kuishika. Tatizo ni kipimo chake. Mtihani wa darasa la saba, ambao mtoto wa Tanzania huufanya akiwa na miaka 13 au 14, unapima alichokisoma, na matokeo yake husomwa na aila nzima kana kwamba ni hukumu juu ya nafsi ya mtoto, ilhali Nawawi hakuridhika na jaribio moja hata kwa pamba. Mwalimu Nyerere aliliona hili alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akataka kila shule iwe na shamba au karakana yake, na akasisitiza kuwa wanafunzi washiriki katika maamuzi na katika mapato. Sehemu ya kwanza ilitekelezwa pahali pengi, na ya pili ikasahauliwa, hata jembe likawa adhabu ya waliochelewa. Mwanafunzi aliyelima bila ya kuona daftari la mauzo alijifunza uchovu tu. Shule yenye heka mbili za mihogo yaweza kuanza msimu ujao: kamati ya wanafunzi, wavulana kwa wasichana, iamue kipandwe nini, ipatane na wanunuzi, iandike hesabu na kuisoma mbele ya wenzao, na mwalimu akae kimya nyuma mpaka wakati wa kutia sahihi, na ikiwa kamati imepata hasara, ikabidhiwe shamba hilohilo msimu wa pili.